UZI: Bi Kidude, sigara yake mmeikumbuka wote, ngoma yake mmeisahau

#1 mkaa_ngambo (mleta uzi)

Wakuu salaam. Kila ikikaribia tarehe 17 Aprili picha ni ile ile inazunguka kwenye magrupu ya wasap, Bi Kidude kashika sigara, macho kayafumba nusu, moshi juu, chini mtu kaandika eti bibi kavuta na kufika miaka mia na ushee nyie mnaokula mboga za majani mnaondoka na arobaini. Vicheko kibao. Na mimi nacheka sikatai, picha ni nzuri na bibi mwenyewe alikuwa mcheshi, angeiona angecheka kuliko sisi wote. Lakini nimeona humu vijana wanauliza kwani huyu bibi alikuwa anafanya nini hasa mbali na kuvuta? Hapo nikasema hapana, ngoja niandike. Uzi utakuwa mrefu, asiye na bando la kutosha apite tu.

Kwa wasiomjua kabisa: Fatuma binti Baraka, kazaliwa kijiji cha Mfagimaringo Unguja, baba yake alikuwa anauza nazi. Kidude jina la utotoni, kwa udogo aliozaliwa nao. Mwaka gani kazaliwa hilo tuache kwanza, najua mtaligombania huko chini. Kafariki 17 Aprili 2013, huko Bububu, kazikwa kesho yake Kitumba, na watu walikuwa maelfu, Rais Kikwete wa Tanzania wakati huo alikuja na Rais Shein wa Zanzibar alikuwepo. Mwanamke asiye na cheo, asiye na mtoto wa kumzaa, marais wawili makaburini.

Sasa hoja yangu. Magazeti yalimwandika kama mwimbaji wa taarab, malkia wa taarab, mama wa taarab, majina yote hayo. Si uongo, kaimba taarab na kaimba vizuri. Ila ukiwauliza wanawake wa Ng'ambo wenye umri, na nazungumzia Raha Leo, Kikwajuni, Mwembetanga na huko kwengine, wengi watakwambia walimjua kwenye unyago na kwenye harusi kabla hawajamjua kwenye jukwaa. Taarab ilikuwa sehemu ya kazi yake. Kazi yenyewe ilikuwa kukaa na watu. Kupiga ngoma, kuwacheza wari, kupaka hina maharusi, kutoa dawa za miti shamba, kwenda alipoitwa hata kama ni shamba mbali. Ulaya walimgundua akiwa tayari bibi, kwenye miaka ya themanini ndo anaanza kupanda ndege kwenda kupiga show, mpaka Japani kafika. Mtu wa umri ule wengine wanakuwa kitandani wanageuzwa. Yeye ndo kwanza anaanza safari, na safari zilikuwa mtindo wake toka udogoni, maana kwa masimulizi yake mwenyewe alitoroka Unguja akiwa kigori baada ya kuozwa asikotaka, akavuka bara, akazunguka kwa miguu na kwa majahazi akipiga ngoma yake mpaka kwenye miaka ya arobaini ndo akarudi akajipatia kijumba chake cha udongo.

Ndoa mbili, zote hazikumkalia. Watoto hana. Kwa mila zetu mwanamke wa hivyo tunamwonea huruma, tunasema masikini ataangukia wapi uzeeni. Sasa huyu mbona nyumba yake haikuwahi kukosa watu?

Nitaendelea, kuna mtu ananiita.

#2 jahazi_tupu

Nimeweka kiti. Endelea mkuu.

#3 kigogo_wa_kkoo

Mleta uzi hebu tuanze na umri maana hapo ndo watu wanadanganyana. Gazeti moja miaka 102, jengine 103, wengine wakapeleka mpaka 113. Nani alikuwa na cheti chake cha kuzaliwa? Hakuna. Bibi mwenyewe alikuwa anasema yeye ni mtoto wa enzi za rupia, basi watu wakisikia rupia wanadhani ni enzi za Mjerumani, kumbe Zanzibar ilikuwa inatumia rupia mpaka mwisho wa 1935, shilingi imeingia 1936, na ilikuwa rupia moja unapewa shilingi moja na nusu. Kwaiyo hata mtoto aliyezaliwa 1925 ametumwa dukani na rupia mkononi. Rupia sio ushahidi wa miaka 113.

#4 mkaa_ngambo (mleta uzi)

Nimerudi. @kigogo_wa_kkoo umenena na hilo la rupia wengi hawalijui, mimi mwenyewe nikikaa na wazee nasikia "rupia" najua tu ni zamani. Ila kuna njia nyengine ya kupima. Bi Kidude alijifunza kwa Siti binti Saad, kwa kumsikiliza, na Siti kaenda Bombay kurekodi santuri mwaka 1928, kafariki 1950. Siti alikuwa motoni hasa kwenye hiyo miaka ya ishirini mwishoni na thelathini. Kama Kidude alikuwa kigori anayezifukuzia sauti za Siti wakati huo basi kuzaliwa kwenye miaka ya 1910 kuelekea 1920 inaingia akilini. Mia moja au karibu yake. Mia na kumi na tatu siiungi mkono lakini pia sitomtoa mtu roho.

Kiukweli umri wake unanishughulisha kidogo tu. Hebu twende kwa Siti kwanza maana bila Siti humuelewi huyu.

Taarab ilikuwa mambo ya kasri. Sultani Barghash ndo aliyemtuma Mohamed Ibrahim kwenda Misri kujifunza kanuni, kile kinanda cha nyuzi, akarudi akafundisha wenziwe, wakawa wanapiga mbele ya sultani, wanaimba Kiarabu. Baadae 1905 ikaundwa Ikhwani Safaa, wanaume watupu, wastaarabu, na ipo mpaka leo. Mwanamke mwenye asili ya shamba hapo anaingilia wapi? Siti katoka Fumba, wazazi wake watumwa, alikuwa anauza vyungu mjini. Huyo ndo kaja kuimba taarab kwa Kiswahili, na hakuimba mapenzi tu, kaimba kesi za mahakamani, dhulma, mambo ya mtaa. Ule wimbo wa Kijiti ambao Bi Kidude kaja kuupokea na kuuimba mpaka mwisho wa uhai wake ni habari ya mauaji ya mwanamke mgeni, muuaji akavuka bahari kakimbilia bara, sheria ikawageukia waliotoa ushahidi. Yaani ni habari ya gazeti imetiwa vinanda.

Tofauti yao ni hii: Siti alikuwa akiimba kajifunika buibui. Kidude akalivua. Nguo yake ni kanga au gauni, kichwa kilemba, basi. Na akachukua zile nyimbo akazitoa sebuleni akazipeleka uwanjani, akazitia pumzi ya unyago. Sauti ile haikuhitaji maiki. Ina mikwaruzo, nzito, inatoka tumboni, mtu akiisikia mara ya kwanza anauliza huyu mwanamme au mwanamke.

#5 binti_makunduchi

Mleta uzi asante sana ila naomba nikusaidie hapo kwenye unyago maana wewe mwanamme unazungumza ya kusimuliwa hehehe. Sitosema yote, na wanaojua wanajua kwa nini sisemi. Nitasema ya kusemeka.

Mwari akivunja ungo, au zamani zaidi akikaribia kuolewa, anapewa somo. Somo ni mtu mzima, si mamako mzazi, maana kuna mambo mama hawezi kumwambia mwanawe wakatazamana usoni. Huyo ndo anamfundisha usafi, namna ya kujitunza siku zake, kukaa na mume, kukaa na wakwe, kukaa na watu. Kinafundishwa kwa nyimbo na ngoma na mafumbo, ukiwa mpumbavu unacheka tu, ukiwa na akili unaondoka na kitu. Mwanamme haruhusiwi kusogea. Ngoma kubwa ni msondo, ndefu, mpigaji anaisimamia kwa kuipanda kati ya miguu, na vile vidogo vinaitikia. Kabla ya kupigwa zinaoteshwa moto ngozi ikaze. Sasa Bi Kidude alikuwa anaufunga ule msondo kwa kanga kiunoni, anatembea nao, anaupiga huku anaimba huku anakata kiuno. Jaribu kubeba msondo wewe kijana wa jimu halafu uje hapa utuambie.

Jambo ambalo watu hawalipi uzito ni kwamba usomo hauishi ngoma ikiisha. Somo wako ni somo wako mpaka kaburini. Umegombana na mume unakwenda kwa somo. Umejifungua unampelekea habari. Binti yako akikua unarudi kule kule. Bibi yangu alikuwa na somo wake, na mpaka anakufa bibi, ukimtaja somo alikuwa anashusha sauti kama mtoto. Sasa chukua mtu aliyewacheza wari miaka na miaka, mtaa huu na mtaa ule, mama na baadae binti yake. Ndo mleta uzi unauliza kwa nini nyumba haikukosa watu? Ukoo wake ulikuwa mkubwa kuliko wa waliozaa kumi.

#6 jahazi_tupu

Daah @binti_makunduchi umefunga mjadala. Mods mpeni huyu dada uzi wake.

#7 ustadhi_wa_kawaida

Assalaam alaykum. Mimi sitaki kuharibu uzi wa watu ila tusemezane ukweli. Marehemu tunamuombea Mungu amsamehe na sisi atusamehe. Lakini hii tabia ya kumfanya mtu aliyekuwa akinywa na kuvuta hadharani, anacheza viuno mbele ya wanaume wa kigeni, kuwa ndo mfano wa bibi wa Kizanzibari, mimi siikubali. Bibi zetu walio wengi hawakuwa hivyo. Wazungu wanampenda kwa sababu anawafurahisha, anawavunjia heshima zetu. Mabibi waliosomesha Qur'ani vyuoni miaka sitini, nani kawatengenezea filamu kama aliyotengenezewa yeye?

#8 kigogo_wa_kkoo

Hoja hiyo ina uzito nusu. Kwamba mabibi wa vyuoni hawakutengenezewa filamu ni kweli na ni aibu yetu, sio ya Bi Kidude.

#9 mtu_wa_mji_wa_kale_mombasa

Sisi huku Mombasa tumesoma uzi wote kimyakimya lakini hapa ustadhi lazma tukujibu bana. Hizi ngoma za wanawake hazikuletwa na mzungu. Huku kulikuwa na lelemama, wanawake wana vyama vyao, vina viongozi, vinashindana mpaka watu wanaweka rehani dhahabu ili chama chao kisishindwe. Kulikuwa na vugo kwenye maharusi, pembe zinagongwa na vijiti, nyimbo zile zikisemwa hapa mods watafuta uzi. Mabibi hao hao wa vugo asubuhi wako msibani wanaosha maiti, jioni wako maulidini. Mtu mmoja huyo huyo. Nyanyangu alikuwa hivyo wallahi, akialikwa kila mahali, akikosekana harusi inaulizwa "kwani fulani yuko wapi, anaumwa?" Kwaiyo kusema bibi wa heshima ni yule wa kukaa ndani kimya hiyo ni habari mpya, hatukuikuta.

Kuvuta na kunywa hayo ni yake na Mola wake, hatumtetei na hatumhukumu.

#10 ustadhi_wa_kawaida

@mtu_wa_mji_wa_kale_mombasa sijasema wakae kimya. Nimesema tusichague mmoja tukawasahau wengine. Na la lelemama nakubali lilikuwepo.

#11 mkaa_ngambo (mleta uzi)

Ustadhi nakuheshimu na umesema kwa adabu, wengine wangeingia na matusi. Nikujibu jambo moja tu. Kwamba alikuwa akiwafurahisha wageni, sawa, mwaka 2005 walimpa ile tuzo ya WOMEX, yale maonyesho makubwa ya muziki wa dunia, huko Newcastle Uingereza, wakamshangilia, na Ngome Kongwe mjini Unguja kila Februari kwenye tamasha la muziki la Sauti za Busara wageni walikuwa wanajaa kumngoja yeye. Lakini wakati huo huo alikuwa akirudi anaingia kwenye harusi za mtaani za watu wasio na jina. Msanii akishapata jina la nje kwa kawaida hapatikani tena, ana meneja, ana bei, ana miwani. Huyu anakaa barazani. Watu wanapita wanamsalimia, anawajibu kwa utani, wavulana anawaita waume zake, vicheko.

Nilimwona mimi Ngome Kongwe, siku za mwisho mwisho za kupanda jukwaani. Kashikwa mkono kupandishwa, kadogo, kamekonda, mgongo umepinda kidogo, unasema huyu ataimba nini jamani, mbona wanamtesa. Kakabidhiwa maiki. Kafungua mdomo. Pale mbele mabinti wa chuo waliokuwa wanajipiga selfi wakashusha simu, si kwa uzuri wa sauti, kwa mshtuko. Kina mama wa mjini nyuma yangu wao hata hawakushangaa, wakawa wanaitikia kila mstari, wanajua pa kupokea, wanajua pa kupiga vigelegele. Pale nikaona kuna show mbili zinaendelea kwa wakati mmoja, wageni wanamtazama na wenyewe wanazungumza naye.

#12 pesa_kwanza

Swali fupi wakuu. Mtu kaimba karibu miaka themanini, kazunguka dunia, kwa nini hakuwa tajiri? Nani alikula hela?

#13 kigogo_wa_kkoo

Swali linaulizwa kila mwaka na kila mwaka watu wanataja majina bila ushahidi, tusifanye hivyo. Tuseme tunayoyajua. Moja, sehemu kubwa ya nyimbo zilizompa jina hakuzitunga yeye, ni za Siti na za zamani zaidi, kwaiyo hata ukiweka sheria kali ya hakimiliki fungu la mtunzi sio lake. Mbili, sheria yenyewe imechelewa, ofisi ya hakimiliki ya bara, COSOTA, imetokana na sheria ya 1999 na ya Zanzibar, COSOZA, imetokana na sheria ya 2003. Piga hesabu bibi alikuwa kaimba nusu karne na zaidi kabla hata hakuna ofisi ya kwenda kulalamika. Tatu, kanda. Kanda zilikuwa zinadurufiwa madukani, unaenda na kanda yako tupu unarekodiwa, unalipa mwenye duka, mwimbaji hana habari. Sote tulifanya hivyo humu, tusijifanye malaika.

Nne sasa hii ni maoni yangu. Pesa aliyokuwa akipata alikuwa haikai, na mtu anayeishi na watu pesa yake huwa haikai. Kila jioni kuna anayeumwa, kuna mwenye msiba, kuna mwenye harusi. Hiyo ni gharama ya kupendwa, wenye bibi wa aina hii mnanielewa.

#14 pesa_kwanza

Nimeelewa mkuu. Hapo kwenye kanda umenigusa, baba alikuwa na duka la hivyo hahaha.

#15 mzanzibari_muscat

Huku Muscat pia tunamkumbuka. Wazee wetu waliotoka Unguja baada ya 1964 na wale waliokuja miaka ya sabini Sultan Qaboos wa Oman alipowafungulia mlango, walikuja na kanda zao kwenye mabegi, na nyumbani lugha ilikuwa Kiswahili mpaka wajukuu. Mama yangu mkubwa alikuwa akipika Ijumaa anaweka Siti au Bi Kidude, akimaliza kupika anazima, hasikilizi wakati wa kula, alikuwa na utaratibu wake. Kwenye harusi za Wazanzibari huku vigelegele ni vile vile, singo ni ile ile, anaagizwa mtu wa Unguja aje nayo maana hapa maua ya kilua hayapatikani.

Ninachotaka kuuliza @binti_makunduchi, hiyo singo Bi Kidude naye alikuwa akitia? Au hiyo ni kazi ya watu wengine?

#16 binti_makunduchi

Hina na kumpamba bi harusi alikuwa anafanya, hilo linajulikana. Singo kila somo ana yake ndugu yangu, na kila mtu anaapa ya kwake ndo yenyewe. Kwa ufupi asmini, mawaridi, langilangi, kilua, rehani, mpompia, vinapondwa pamoja na liwa, unapakwa mwili mzima unasuguliwa mpaka taka zinadondoka, siku kadhaa kabla ya harusi. Mwari anakuwa amefungiwa ndani, haoni jua. Na muda wote wa kusuguliwa mdomo wa somo haufungwi, ndo darasa lenyewe hilo. Usifikiri ni urembo tu kama wa saluni unalala na vipande vya tango machoni mtu ananyamaza.

Na mtu mwenye haiba ya kununa hawezi hii kazi. Lazima uwe mcheshi, mchokozi, unajua kumchekesha mtoto anayeogopa. Mwari anakuja analia, kesho anaolewa na mtu hamjui vizuri, wewe somo unatakiwa umtoe hofu mpaka aseme mwenyewe "basi kumbe". Bi Kidude ule utani wake wa jukwaani, kuwatania wanaume, kutaja mambo wazi wazi, watu wanadhani ni uzee umemfanya asijali. Wapi! Ni utani wa kazini ule.

#17 mtu_wa_mji_wa_kale_mombasa

Hiyo ya mwisho sikuwahi kuifikiria. Kweli kabisa, nyanyangu naye alikuwa kungwi na mdomo wake ulikuwa hivyo hivyo, sisi tulikuwa tunaona haya tu.

#18 kijana_wa_2004

Samahani wakubwa, mimi ni wa juzi. Nimesikia siku za mwisho alifichwa au alitekwa sijui, kulikuwa na nini?

#19 mkaa_ngambo (mleta uzi)

2012 zilivuma habari nyingi, mara kafichwa, mara haruhusiwi kuimba, mara kafa, kumbe yupo anaumwa. Kulikuwa na mvutano wa nani amtunze na nani aamue kama apande jukwaani au apumzike. Waliokuwa wakivutana wapo hai wengine na wana familia, sitoingia huko na naomba na nyie msiingie, uzi usije kufungwa. Ninachoweza kusema ni kwamba ugomvi wa namna hii nauona kila nyumba yenye mzee anayependwa na wengi. Ndugu wa damu wanasema huyu wetu, apumzike. Watu wa mtaa na wa kazi wanasema huyu wetu, mnamfungia ndani atakufa kwa upweke. Wote wana sehemu ya haki. Mzee aliyezoea watu ukimfungia kwa nia njema umemnyima hewa, na ukimwachia kila anayebisha hodi umemchosha. Mpaka leo sijui mimi ningeamua vipi.

#20 ustadhi_wa_kawaida

Hapo mkuu umesema la maana. Mama yangu alikuwa mtu wa watu, alipopooza tukapunguza wageni kwa ushauri wa daktari, na akawa anauliza kila siku mbona siku hizi hawaji. Bado linaniuma.

#21 binti_makunduchi

Pole ustadhi. Mungu amrehemu mama.

Mimi niulize kuhusu mazishi. Kila mwaka picha za Kitumba zinaonyesha marais na mawaziri na kanzu. Wanawake mnawaona? Hamuwaoni kwa sababu kwetu wanawake hawaendi makaburini. Wale aliowacheza, waliobeba msondo wake, walioitikia nyimbo zake, walikuwa msibani wanalia na kusoma. Picha iliyokwenda dunia nzima ni ya wanaume ambao wengi wao kazi yake kubwa hawakuwahi hata kuiona kwa macho. Simlaumu mtu, ndo mila na dini yetu. Ila ukitaka kujua bibi huyu alikuwa nani msiulize waliopiga picha.

#22 kigogo_wa_kkoo

@mkaa_ngambo hii weka kwenye post ya kwanza. Serious.

#23 kijana_wa_2004

Sasa na mimi nataka kumsikiliza, yutyubu kuna video nyingi nachanganyikiwa. Nianzie wapi? Nisije nikaanza na ya sigara tena.

#24 mkaa_ngambo (mleta uzi)

Hahaha. Sikiliza mdogo wangu. Kuna Bi Kidude wa aina mbili kwenye rekodi. Yupo wa taarab, akiwa na Culture Musical Club na makundi mengine, fidla, kanuni, akodiani, hapo utasikia sauti imekaa juu ya vinanda kama mzee kwenye kiti chake. Yupo wa unyago, ngoma tupu na wanawake wanaitikia, hakuna fidla hata moja. Wengi wanaanzia kwa wa kwanza kwa sababu ni mtamu na umezoeleka masikioni. Wewe anza na wa pili. Usitumie spika ya simu, msondo hauko humo, utasikia kama mtu anagonga kopo. Tafuta spika yenye besi au hedifoni nzuri. Halafu kaa na mama yako au bibi yako mkiwa mnasikiliza, yeye ndo atakwambia maana ya mafumbo, kama atakubali kukwambia.

#25 binti_makunduchi

Hatokubali. Atakwambia toka nje kwanza mwanangu nisikilize mwenyewe.

#26 kijana_wa_2004

Nimemuwekea mama sasa hivi. Kanitoa kweli, na simu yangu kabaki nayo, naandika hapa kwa simu ya dada.